Kibeho, Rozari na safari ya mhujaji: tunakwenda kwa Maria kutafuta nini?

Kila mwaka, Agosti 15 inapokaribia, barabara zinazopanda milima ya kusini mwa Rwanda hujaa watu. Wengine wametoka Kigali kwa miguu, rozari mkononi na blanketi mgongoni. Wengine wamekuja na mabasi kutoka Burundi, Uganda na mashariki mwa Kongo, na wapo Watanzania waliovuka daraja la Rusumo ili wawahi mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Wote wanaelekea Kibeho, parokia ya kijijini katika wilaya ya Nyaruguru. Ndipo mahali pekee barani Afrika ambapo Kanisa Katoliki limetamka rasmi kwamba Bikira Maria aliwatokea watu katika nyakati zetu hizi.

Mkatoliki anayesafiri namna hiyo hukutana na maswali ya aina mbili. La kwanza linatoka nje: jirani mlokole au mfanyakazi mwenzake anamuuliza kwa nini anamwabudu binadamu. La pili linatoka ndani ya basi lenyewe, na mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini. Maji wanayochota mahujaji, ya wapi yana nguvu zaidi, ya Kibeho au ya Subukia kule Kenya? Ni kweli nia ikipelekwa pale siku fulani haikosi kujibiwa? Swali la jirani limekuwa na majibu mazuri tangu karne za mwanzo, na nitalipitia. Swali la ndani ya basi ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa linaonyesha jinsi tunavyoweza kusafiri mamia ya kilomita kwenda kwa Mama huyu na kurudi bila kusikia alichokisema.

Maria hupewa heshima gani

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Watakatifu hupewa heshima. Maria, kwa sababu ni Mama wa Mwana wa Mungu, hupewa heshima inayozidi ya watakatifu wote, lakini hata ipande namna gani haigeuki kuwa kuabudu. Anayetaka kuhakikisha aende Misa asikilize sala za altareni zinaelekezwa kwa nani. Hakuna padre anayemtolea Maria sadaka ya mkate na divai. Maria hutajwa katika Misa pamoja na mitume na mashahidi, miongoni mwa wale tunaosali pamoja nao mbele ya Mungu.

Hata jina la Mama wa Mungu, linalowashtua wengi, lilitokana na mabishano juu ya Yesu. Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, aliona heri Maria aitwe Mama wa Kristo tu. Sirili wa Aleksandria akamjibu kwamba aliyezaliwa na Maria ni nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli. Ukimnyima mama jina hilo, umempasua Mwana vipande viwili. Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 431, ulikubaliana na Sirili. Waamini wa kawaida walikuwa wamekwisha kuzoea kumwita hivyo. Ile sala tunayoisali hadi leo, “Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu”, imepatikana kwa Kigiriki kwenye kipande cha karatasi ya mafunjo kutoka Misri, ambacho wataalamu kadhaa wanakiweka katika karne ya 3 na wengine baadaye kidogo. Kwa hiyo moja ya sala za zamani kabisa kwa Maria tulizo nazo imehifadhiwa na ardhi ya Afrika, na ni kilio cha watu walio hatarini.

Kanisa lenyewe limekuwa likijiwekea mipaka. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano maaskofu walibishana kama Maria aandikiwe hati yake peke yake au aingizwe katika hati juu ya Kanisa. Kura ya Oktoba 29, 1963 ilipita kwa tofauti ndogo mno: 1,114 kwa 1,074. Waliomtaka Maria ndani ya Kanisa, akiwa wa kwanza wa waamini na Mama yao, ndio walioshinda. Mwezi Novemba 2025, kwa idhini ya Papa Leo XIV, Baraza la Kipapa la Mafundisho ya Imani lilitoa hati iliyosema wazi kwamba haifai kumwita Maria Mkombozi Mwenza, kwa kuwa mkombozi ni mmoja, naye ni Kristo. Wapo walioumia kusikia hivyo. Mimi naona hati hiyo ilimlinda Maria asisukumwe mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kusimama. Neno lake la mwisho katika Injili, kwenye arusi ya Kana, aliwaambia watumishi: “Lolote atakalowaambia, fanyeni.”

Kilichotokea bwaloni

Sasa tuje Kibeho, kwa sababu ndipo mambo yote haya yanapoonekana kwa macho.

Mchana wa Jumamosi, Novemba 28, 1981, msichana wa miaka 16 aitwaye Alphonsine Mumureke alikuwa zamu ya kuwahudumia wenzake mezani katika shule ya sekondari ya wasichana ya Kibeho, iliyokuwa chini ya masista Wabenebikira. Akasikia sauti ikimwita mwanangu. Alitoka bwaloni akaingia kwenye ukumbi wa nje, akapiga magoti na kuuliza ni nani anayemwita. Jibu alilolieleza baadaye lilikuwa fupi: “Mimi ni Mama wa Neno.” Neno hilo ni lile la mwanzo wa Injili ya Yohane, aliyekuwako tangu mwanzo, naye ni Mungu. Katika kujitambulisha tu Maria alikuwa amekwisha kumtaja Mwanawe.

Shule haikuamini. Walimu walidhani anaumwa, wanafunzi walimcheka, na wapo waliomchoma wakati amezama katika maono ili waone kama atashtuka. Kati ya waliomdhihaki sana alikuwamo Marie Claire Mukangango. Wanafunzi walitaka Bikira awatokee na wengine, ndipo waamini. Januari 12, 1982 akamtokea Nathalie Mukamazimpaka, msichana aliyejulikana kwa kupenda sala. Mwezi Machi mwaka huohuo zamu ikamfikia Marie Claire, yule mwenye mzaha. Na ni huyo aliyekabidhiwa kazi ya kuwafundisha watu Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria, sala ya zamani ambayo wengi walikuwa wameisahau.

Ujumbe walioueleza wasichana hawa ulirudiarudia mambo machache. Tubuni, kwa kuwa dunia inaelekea shimoni. Salini bila unafiki. Kubalini mateso kwa imani, kwa kuwa hakuna anayefika mbinguni bila msalaba. Hapakuwa na ahadi ya mali, wala ya ushindi juu ya maadui, wala ya kufunguliwa milango ya kazi na ndoa. Atakayesoma ujumbe huo akiwa amezoea mahubiri ya siku hizi atashangaa ulivyo mkavu.

Agosti 19, 1982 umati mkubwa ulikuwa umekusanyika uwanjani kwa sababu ya sikukuu ya Kupalizwa iliyokuwa imepita siku chache nyuma. Walitarajia furaha. Walichokiona ni wasichana wakilia, wakitetemeka, wakianguka chini kwa saa kadhaa. Walisema Bikira Maria alikuwa analia, na kwamba walionyeshwa mto wa damu, watu wakiuana, maiti zilizoachwa bila wa kuzizika, miili isiyo na vichwa.

Miaka 12 baadaye, kuanzia Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliikumba nchi nzima. Kanisa la parokia ya Kibeho, mahali ambapo maelfu walikuwa wamekuja kusali, lilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo maelfu walikimbilia na kuuawa. Marie Claire naye aliuawa mwaka huo. Mwaka uliofuata, Aprili 1995, kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa hapohapo Kibeho ilishuhudia mauaji mengine makubwa.

Wengi wanaposimulia habari hii hukazia utabiri: Maria alijua, Maria alisema. Mimi nadhani tukiishia hapo tumekimbia sehemu inayotuhusu. Rwanda ya mwaka 1982 ilikuwa nchi ya Wakatoliki wengi. Watu walikuja Kibeho kwa maelfu, wakaimba, wakapiga magoti, wakabeba maji na rozari kurudi nazo nyumbani. Mahujaji hawakupungua, nyimbo hazikupungua. Na bado katika miaka ile ile chuki ilikuwa ikilelewa katika nyumba za watu waliobatizwa, na siku ilipofika waliobatizwa waliwaua waliobatizwa ndani ya makanisa. Papa Fransisko alipompokea Rais Paul Kagame Vatikano, Machi 20, 2017, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na watu wake, wakiwemo mapadre na watawa waliojiingiza katika chuki na ukatili ule.

Kwa hiyo ujumbe wa “salini bila unafiki” una uzito Kibeho kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Hija inaweza kufanyika kikamilifu kwa miguu na kwa mdomo huku moyo umebaki ulipokuwa. Maria alikuja kuliambia hilo taifa lililokuwa limejaa mahujaji.

Kanisa lilivyopima

Watu hudhani Roma husikia habari ya maono, ikatuma barua ya kukubali au kukataa. Kazi hiyo kimsingi ilikuwa ya askofu wa jimbo, na ilifanywa polepole. Kibeho ilikuwa chini ya Jimbo la Butare, na Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi aliunda mwaka 1982 tume mbili: moja ya madaktari, nyingine ya wanateolojia. Madaktari walichunguza kama wasichana wana maradhi ya akili au ya mishipa. Wanateolojia walipima maneno yao na mafundisho ya imani. Agosti 15, 1988 askofu aliruhusu ibada ya hadhara, bila bado kusema kama maono ni ya kweli. Baadaye Kibeho ikaingia katika jimbo jipya la Gikongoro, na Juni 29, 2001 Askofu Augustin Misago akatangaza kwamba Bikira Maria aliwatokea kweli Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Hao watatu tu. Watu wengine waliodai kuona maono Kibeho miaka ileile, baadhi yao wakiwa na wafuasi wengi, hawakuthibitishwa. Ilichukua karibu miaka 20, na vita katikati.

Na hata baada ya tangazo kama hilo, Mkatoliki halazimiki kuamini. Jambo hili huwashangaza wengi. Kanisa linafundisha kwamba Mungu amekwisha kusema yote katika Kristo, na ufunuo huo ulikamilika na mitume. Maono ya baadaye, hata yaliyothibitishwa, huitwa ufunuo wa binafsi: hayaongezi kitu kwenye imani, bali huwasaidia watu wa wakati fulani kuiishi. Mtu anaweza kuwa Mkatoliki mwema asiyewahi kusali Rozari ya Fatima ya Ureno wala kufikiria Lourdes ya Ufaransa, mahali pengine pa maono. Hawezi kuwa Mkatoliki mwema bila Injili na Ekaristi.

Utaratibu huo ulibadilishwa Mei 17, 2024, Vatikano ilipotoa kanuni mpya. Sasa askofu huchunguza kama zamani, lakini kabla ya kutangaza lolote lazima awasiliane na Baraza la Mafundisho ya Imani. Kwa kawaida Kanisa halitatamka tena kwamba jambo fulani limetoka mbinguni. Lililo bora kabisa linaloweza kutolewa ni kauli ya kutokuwa na kizuizi: waamini wanaweza kwenda kusali bila hofu, matunda mema yanaonekana, nani alitokea na nani hakutokea tunaliacha. Medjugorje ya Bosnia na Herzegovina, ambako vijana walianza kudai maono Juni 1981, miezi michache kabla ya Kibeho, ilipewa kauli ya namna hiyo Septemba 2024. Kwa hiyo Kibeho na Medjugorje, ingawa ni za mwaka mmoja, hazina hadhi ileile, na kiongozi wa hija anayeziweka katika kapu moja anawapotosha watu wake.

Kanuni hizo zinataja pia dalili za hatari, na ningependa zibandikwe kwenye mbao za matangazo za parokia zetu: makosa dhahiri ya mafundisho, kutafuta fedha, mamlaka au umaarufu kwa kutumia tukio lenyewe, na roho ya kundi linalojitenga na Kanisa. Kila mara anapojitokeza mtu mtaani akidai Bikira anazungumza naye usiku na kwamba kila anayetaka ujumbe alete sadaka ya kiasi fulani, jibu limekwisha kuandikwa.

Maji, mishumaa na uponyaji

Turudi kwenye swali la ndani ya basi. Maji ya wapi yana nguvu zaidi?

Desturi ya maji ilienea kutokana na Lourdes, Ufaransa. Mwaka 1858, kuanzia Februari 11 hadi Julai 16, Bernadette Soubirous, binti wa msaga nafaka aliyefilisika, aliona maono mara 18 katika pango kandokando ya mto. Februari 24 neno alilolileta kwa watu lilikuwa toba, likirudiwa mara tatu. Siku iliyofuata aliambiwa akanywe na kunawa kwenye chemchemi. Chemchemi haikuwepo, alichimbua tope kwa mikono yake, akalinywa, akajipaka usoni, na watu waliokuwa wakimtazama wakaona ameingiwa na wazimu. Maji safi yalikuja baadaye kutoka mahali palepale. Kwa hiyo tangu mwanzo maji ya Lourdes yalifuata neno la toba. Yalikuwa ishara ya kunawa, ya ubatizo, ya mtu anayekubali kujishusha hadi kwenye tope.

Uponyaji ulitokea na bado unatokea. Tangu 1883 Lourdes ina ofisi ya madaktari inayochunguza madai hayo, na daktari yeyote, awe na imani au asiwe nayo, anaweza kushiriki. Madai yaliyopelekwa pale yamepita 7,000. Yaliyotamkwa na maaskofu kuwa miujiza yalifika 70 mwaka 2018, na tangu hapo yameongezeka machache tu. Ugonjwa lazima uwe mzito na umethibitishwa, uponyaji uwe wa ghafla, kamili na wa kudumu, na tiba isiweze kuueleza. Ulinganishe na mikutano ambayo watu 30 hutangazwa kupona kabla jua halijazama.

Na Bernadette mwenyewe? Aliugua pumu tangu utotoni, kisha kifua kikuu kikamwingia mifupani, akafariki Aprili 16, 1879 katika konventi ya Nevers akiwa na miaka 35. Maji aliyoyachimbua hayakumponya. Alikwisha kuambiwa mapema, Februari 18, 1858, kwamba hakuahidiwa furaha katika dunia hii, ila katika ile ijayo. Kila ninaposikia mgonjwa akilaumiwa kwamba hakupona Kibeho kwa kuwa imani yake ni ndogo, namfikiria huyu sista aliyekuwa amelala kitandani Nevers, mtakatifu wa Kanisa tangu 1933.

Kuchota maji si kosa. Ukifika Subukia, kituo cha kitaifa cha hija cha Bikira Maria nchini Kenya, utawaona kina mama wamepanga foleni na madumu ya lita tano, wameyafunga kwa kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili yasimwagike njiani. Wanawapelekea wagonjwa waliobaki nyumbani, na hilo ni tendo la upendo. Kosa linaanza pale dumu linapopewa nguvu yake lenyewe, mtu akaliweka mlangoni kuzuia wachawi, au akaliuza kwa bei kulingana na lilikotoka. Katekisimu ina jina la kitu hicho, nalo ni ushirikina, hata kama ndani yake kuna maji kutoka mahali patakatifu. Kibeho, Subukia au groto (pango la sanamu ya Bikira) ya parokiani, anayesikiliza ni Mungu yuleyule, na maji ni yaleyale ya mvua iliyopita ardhini.

Rozari inavyosaliwa, na ile ya Mateso Saba

Kama ni kuzama katika heshima kwa Maria, mlango mpana kuliko yote ni Rozari, na wengi wetu tunayo tayari mfukoni. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba Rozari bila kutafakari ni mwili usio na roho. Sote tunajua anachosema. Jumuiya ndogondogo mwezi wa Oktoba, sanamu ya Bikira imehamia nyumba ya zamu, imewekwa juu ya kigoda chenye kitambaa cheupe na mshumaa. Anayeongoza ana haraka, upande mmoja unaanza “Maria Mtakatifu” kabla upande wa pili haujamaliza “amebarikiwa”, watoto wanasinzia, na baada ya dakika 12 mmefika Litania. Sala imekwisha, lakini hakuna aliyepata nafasi ya kumtazama Yesu hata katika tendo moja, yaani tukio la kutafakari katika kila fungu.

Dawa ni kupunguza mwendo. Tendo likitajwa, somwe mstari mmoja wa Injili unaolihusu, kisha kimya, hata cha nusu dakika. Baada ya kimya ndipo Baba Yetu. Maneno ya Salamu Maria yana mahali ambapo sauti inapaswa kutulia: kwenye jina la Yesu, katikati kabisa ya sala, pale salamu za malaika Gabrieli na za Elizabeti zinapokwisha na ombi letu sisi wakosefu linapoanza. Papa Yohane Paulo II, alipoongeza Matendo ya Mwanga Oktoba 2002, alikazia jambo hilo hilo, kwamba jina la Yesu ndilo kitovu cha Salamu Maria. Kwa familia yenye watoto wadogo, kumi moja (Salamu Maria kumi za tendo moja) iliyosaliwa hivyo ni bora kuliko kumi tano zilizokimbizwa.

Rozari ya Mateso Saba ni tofauti kidogo, na inafaa ijulikane zaidi katika nchi zetu. Badala ya makumi matano, ina mafungu saba ya Salamu Maria saba saba, kila fungu likitanguliwa na Baba Yetu. Mateso yenyewe ni unabii wa Simeoni kwamba upanga utapita moyoni mwa Maria, kukimbilia Misri, kupotea kwa Yesu Yerusalemu kwa siku tatu, kukutana naye amebeba msalaba, kusimama chini ya msalaba alipokufa, kumpokea aliposhushwa, na kumzika. Inaanza kwa majuto ya dhambi. Ibada ya mateso hayo ilienezwa na shirika la Watumishi wa Maria, lililoanzishwa Firenze, Italia, mwaka 1233, na kumbukumbu ya Mama wa Mateso iko Septemba 15.

Nimeona sala hii inavyowashika watu ambao Rozari ya kawaida haiwashiki, hasa katika wiki za baada ya msiba. Mama aliyemzika mtoto anapofika pale ambapo Maria anampokea Mwanawe aliyekufa, haambiwi asilie wala haambiwi kwamba Mungu alimpenda zaidi. Anapewa mwenzake wa kukaa naye. Mkimbizi wa Burundi au wa Kivu anapofika kwenye safari ya Misri anajua kabisa ni usiku wa namna gani ule, mtoto mgongoni na hakuna kilichofungashwa. Na aliyesababisha machozi ya mtu mwingine naye ana nafasi yake, kwa kuwa sala inaanza kwa toba, na mateso haya yalitokana na dhambi za watu. Nadhani ndiyo sababu sala hii ilikabidhiwa Rwanda kabla ya 1994. Iliwafundisha watu kuhesabu machozi ya mama, na mtu aliyejifunza kuyahesabu kwa dhati atasita kuyaongeza.

Kwa anayepanga kwenda, na kwa asiyeweza

Hija kwa Mkatoliki si faradhi. Ndugu zetu Waislamu wana Hija ya Makka inayomlazimu mwenye uwezo mara moja katika maisha. Sisi hatuna safari ya namna hiyo. Hakuna anayekuwa Mkatoliki pungufu kwa kutofika Kibeho, Lourdes wala Yerusalemu. Kwa hiyo kukopa kwa riba au kugusa ada ya watoto ili upate nafasi kwenye basi ni kumnyima Mungu haki yake kwa jina la Mama yake. Anayeishi Dar es Salaam ana Pugu, ambako Wabenediktini walifungua misheni 1888 na baadhi yao wakauawa pale Januari iliyofuata, na ambako leo jimbo kuu lina kituo cha hija. Waganda na Wakenya nao wana vituo vyao. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani anaweza kusali na familia yake. Rozari inayosaliwa kwa ibada kanisani, katika familia au katika jumuiya ina rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Rehema hiyo inapatikana sebuleni, bila pasi ya kusafiria.

Anayeweza kwenda, aende, na ajiandae mapema. Kitubio kifanyike kabla ya safari ikiwezekana, kwa sababu siku za sikukuu foleni za vituo vya hija ni ndefu na mapadre ni wachache. Ni vizuri zaidi kufika ukiwa umepatana na Mungu kuliko kukosa nafasi ukiwa pale. Mpigie simu au mfuate mtu mliyekosana kabla basi halijaondoka, kwa kuwa Yesu alisema sadaka iachwe mbele ya altare hadi mpatane. Ndani ya basi, nusu ya muda wa nyimbo ibadilishwe kuwa kimya. Mkifika Kibeho, kabla ya kwenda kuchota maji, someni pamoja kwa sauti ujumbe wa 1981 na 1982, na wale wasioufahamu waelezwe. Kisha salini mateso yote saba mahali pamoja, taratibu. Huchukua kama saa moja. Kiongozi wa hija apange saa hiyo kwenye ratiba tangu mwanzo, kabla ya saa ya kununua rozari na sanamu.